Mashine Namba 4: Ukurasa wa Mwanzo Uliokuwa Ukirudi na Mvua

Saiba yenyewe, duka la huduma za intaneti, iko Lurambi, Kakamega, upande wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ina mashine nane, printa mbili na benchi la wanaosubiri. Mwenyewe ni mama ambaye wateja wote, hata waliomzidi umri, humwita Mama Saiba. Mhudumu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa kubofya. Mimi ni fundi wa kuzunguka. Nikipigiwa simu nafika na begi langu.

Simu ilikuja tarehe 26 Juni, saa tatu asubuhi.

"Fundi, mulembe. Hii namba nne imeingiliwa. Ukifungua intaneti inakuletea ukurasa wa watu tusiowajua."

"Mmejaribu kubadilisha ukurasa wa mwanzo?"

"Kijana amebadilisha mpaka amechoka. Tukibadilisha asubuhi inakubali. Mvua ikinyesha, imerudi."

Hayo ya mvua niliyapuuza. Kakamega kila kitu husingiziwa mvua: nguo zisizokauka, boda isiyofika, stima iliyopotea. Nilidhani mama anaongeza chumvi. Kumbe ndiyo iliyokuwa dalili bora kuliko zote nilizopewa siku hiyo, na nimeitupa hata kabla sijavaa viatu.

Aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya saiba Kenya anaijua wiki ile. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, yaani Mamlaka ya Mapato Kenya, na faini ya mtu binafsi anayechelewa haishuki chini ya shilingi 2,000. Basi walimu wanaingia na fomu zao za P9, za mshahara na kodi ya mwaka, zimekunjwa mfukoni, wanafunzi ambao hawajawahi kuonja mshahara wanakuja kufaili sifuri, na wazee wanakuja na PIN ya kodi iliyoandikwa nyuma ya risiti. Mashine moja ikilala, benchi linajaa hadi mlangoni.

Ila Mama Saiba hakuniita kwa sababu ya foleni. Aliniita kwa sababu ya mwalimu mmoja.

Siku moja kabla, mwalimu huyo alikaa namba 4, akaandika "itax", jina la mfumo wa KRA wa kufailia ritani, kwenye upau wa anwani, akabofya tokeo la kwanza kabisa. Ukurasa ukafunguka, rangi zinafanana, maneno yanafanana. Ukamtaka PIN na nenosiri, akaweka. Kisha ukamwambia alipe ada kwa M-Pesa ndipo ritani "ichakatwe". Hapo ndipo alipopiga kelele, maana kufaili ritani kwenye iTax hakulipiwi, naye amekuwa akifaili mwenyewe kila mwaka. Kijana akaja, akatazama anwani juu. Neno itax lilikuwepo, lakini lilikuwa mwanzoni tu, kama kofia. Anwani ya kweli ni itax.kra.go.ke, kinachokuambia uko kwa nani ni mkia unaoishia kabla ya mstari mshazari wa kwanza, na mkia wa ile ulikuwa wa kwingine kabisa.

Nampa kijana haki yake: papo hapo alimhamishia mwalimu mashine nyingine, wakaandika anwani herufi kwa herufi, wakabadilisha nenosiri. Hakuna kilichopotea. Lakini Mama Saiba alikuwa amekwisha kuliona jambo kwa jicho la mwenye duka: mteja akiibiwa akiwa kwenye kiti chako, hatasema ameibiwa na intaneti. Atasema ameibiwa kwa Mama Saiba.

Nilipofika nilianza na jambo ambalo watu wengi hulivuka. Tunaposema "ukurasa wa mwanzo" huwa tunataja vitu vinne kwa jina moja. Kuna ukurasa unaofunguka wenyewe unapowasha kivinjari. Kuna ule unaokuja ukibofya kitufe chenye picha ya nyumba. Kuna ule wa kichupo kipya. Halafu kuna mtambo wa kutafuta, ule unaopokea maneno unayoandika juu kwenye upau wa anwani. Kwenye Chrome kila kimoja kina mpangilio wake, na mtu anaweza kubadilisha kimoja akashangaa mbona kingine hakijabadilika. Nusu ya simu ninazopigiwa kuhusu "ukurasa umekataa kubadilika" huishia hapo: mteja ameweka anwani kwenye kitufe cha nyumba, lakini anachokitaka ni ukurasa wa kuwashia. Hakuna pepo, ni mlango mwingine tu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, nilipita milango yote minne. Kuwasha Chrome: ukurasa mgeni, mweupe, una kisanduku cha kutafutia katikati na picha ya mlima. Kitufe cha nyumba: ule ule. Kichupo kipya: Google ya kawaida. Nikaandika juu "hali ya hewa Kakamega", na nikakaza macho kwenye upau wa anwani. Kwa muda wa kupepesa jicho ilipita anwani moja nisiyoijua, kisha matokeo yakaja, ya kwanza manne yote yakiwa matangazo.

Huko kupita ndiko kulikonionyesha biashara yenyewe. Mtu huyu hataki uuone ukurasa wake kwa sababu ni mzuri. Anataka kila neno unalotafuta lipitie kwake kwanza, ili ukibofya tangazo apate senti zake. Na si senti ndogo ukizijumlisha. Katika kesi ya Marekani dhidi ya Google ilidhihirika kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe mtambo wa kutafuta wa kawaida ndani ya Safari. Ikiwa kampuni hulipana kiasi hicho kwa mapatano, huwezi kushangaa kwamba wengine huamua kuichukua nafasi hiyo bila kuomba. Mwaka 2024 watafiti wa usalama walieleza kampeni moja iliyosukuma viendelezi, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya kivinjari, vya kufanya kazi ya namna hii kwa watumiaji wa Chrome na Edge wasiopungua 300,000. Yule mwenye tovuti bandia ya ritani huenda hata hajuani na mwenye ukurasa wa mlima. Alinunua tangazo mahali ambapo hakuna anayekagua matangazo.

Nikaingia kwenye mipangilio. Kando ya mtambo wa kutafuta palikuwa na ujumbe kwamba kiendelezi fulani ndicho kinachoudhibiti. Nikafungua orodha ya viendelezi, nikakikuta, swichi yake imefifia, haizimiki, na kitufe cha kuondoa hakipo. Chini kabisa ya menyu ya Chrome paliandikwa kwamba kivinjari hiki kinasimamiwa na shirika.

Mama Saiba alikuwa amesimama nyuma yangu. "Shirika gani? Mimi sina shirika. Mimi nina chama tu, na chama hakina kompyuta."

Alicheka, lakini swali lake ndilo swali lenyewe. Chrome ina mlango wa nyuma halali, uliowekwa kwa ajili ya kampuni na shule. Msimamizi wa kompyuta mia tano hawezi kupita moja moja akibofya. Anaandika sera mahali pamoja na kivinjari kinaitii, pamoja na sera ya kulazimisha kiendelezi fulani kiwekwe na mtumiaji asiweze kukitoa. Kivinjari hakiulizi kama wewe ni benki au ni saiba ya Lurambi. Yeyote mwenye haki za msimamizi kwenye mashine anaweza kuandika sera, na programu yoyote uliyoiruhusu kwa haki hizo inaweza pia.

Ukiandika chrome://policy juu kwenye upau wa anwani utaonyeshwa sera zote zilizomo. Kwenye mashine ya nyumbani orodha hiyo kwa kawaida huwa tupu. Kwenye namba 4 ilikuwepo moja, ExtensionInstallForcelist, na mbele yake mfululizo wa herufi 32, ambao ndio kitambulisho cha kiendelezi. Nikafungua regedit, kihariri cha rejista ambamo Windows huweka mipangilio yake, nikafuata HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Google, Chrome, nikaifuta. Nikafunga Chrome, nikafungua. Kiendelezi hakipo, maneno ya shirika hayapo. Nikarudisha mipangilio yote ya kivinjari katika hali yake ya awali, nikaweka ukurasa wa mwanzo alioutaka mama, nikapita milango minne tena. Safi. Nikapokea shilingi 800, nikanywa chai, nikaondoka saa nane na nusu huku mawingu yakianza kujikusanya.

Kesho yake, saa moja asubuhi: "Fundi. Mvua ilinyesha."

Ni lazima nieleze nilikosea wapi, maana kosa langu ndilo linalonifanya niandike kisa hiki. Lurambi, radi za alasiri si za kuchezewa. Ikianza kunguruma, kijana huzima mashine zote na kuchomoa kila waya ukutani, router ikiwemo. Ikipita, huwasha tena. Kwa hiyo mama aliposema "mvua ikinyesha, imerudi", alikuwa ananiambia kwa usahihi kabisa kwamba tatizo hurudi mashine inapowashwa upya. Alinipa jibu kwa lugha ya dukani kwake, mimi nikasikia lugha ya hali ya hewa. Jana yake nilikuwa nimefunga na kufungua Chrome mara tano. Mashine yenyewe sikuizima hata mara moja.

Na kulikuwa na la pili, la aibu zaidi. Kijana alinisogelea akanong'ona: "Kaka, hata ulipotoka tu, kabla ya mvua, mimi nilifungua ikaja ile ya mlima. Niliogopa kukwambia." Inawezekanaje, na mimi nilijaribu? Nikamwambia afungue nikitazama. Akabofya ikoni ya Chrome kwenye uso wa skrini. Mimi sifungui hivyo. Mimi hubonyeza kitufe cha Windows, nikaandika "chrome", nikapiga Enter. Nilikuwa nimejaribu kwa mlango wangu, wateja wanaingia kwa mlango wao.

Nikabofya ikoni ile kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua sifa zake. Kuna kisanduku kinachoonyesha ikoni inaelekeza kwenye programu gani. Kilipaswa kuishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu, basi. Hiki kiliendelea: baada ya nukuu palikuwa na nafasi moja, halafu anwani nzima ya ule ukurasa wa mlima. Kisanduku ni kifupi na mkia ulikuwa umejificha upande wa kulia. Ilibidi niusogeze mshale hadi mwisho ndipo uonekane. Kivinjari kikifunguliwa kwa ikoni ya namna hiyo hakishauriani na mipangilio yako hata kidogo. Kimeagizwa kifungue anwani fulani, kinafungua. Unaweza kubadilisha ukurasa wa mwanzo mara mia na kufuta kila kiendelezi, ikoni itabaki kukucheka.

Safari hii sikuanza na kivinjari. Nilianza kwa kumuuliza kijana lini. Si nini, lini.

Alifikiri, akahesabu kwa vidole. Kulikuwa na mwanafunzi, wa uuguzi anadhani, alikuja na faili la PDF akitaka kulihariri, anasoma kazi ya kikundi kesho yake. Kijana akatafuta programu ya kugeuza PDF kuwa Word, akabofya ya kwanza, akapakua. "Nilibofya endelea, endelea, endelea. Ilifanya kazi lakini, yule dada alipata faili lake." Tarehe? Akafungua daftari la mauzo: 18 Juni, namba 4, kurasa 14 zimechapishwa.

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Fundi akishika tarehe, mengine ni kufuata nyayo. Nikapanga orodha ya programu zilizowekwa kwa tarehe: 18 Juni kulikuwa na kigeuza-PDF, na chini yake programu nyingine ya siku ile ile ambayo kijana aliapa hajawahi kuiona. Ilikuja imebebwa mgongoni. Mahali fulani kati ya zile "endelea" tatu palikuwa na kisanduku kilichokwisha tiwa alama, na aliyebofya akawa amekubali. Hiyo ndiyo sababu kinga-virusi ilikaa kimya muda wote. Kwa macho yake hakuna aliyevunja mlango, mwenye nyumba amefungua.

Kisha nikafungua ratiba ya kazi ya Windows kwa kuandika taskschd.msc. Humo ndani mna kazi nyingi halali, za sasisho na usafi wa diski, na mgeni hujificha vizuri katikati ya wenyeji. Huyu alijiita jina lenye neno la sasisho kama wenzake. Lakini tarehe yake ya kuundwa ilikuwa 18 Juni. Alipangiwa kuamka kila mara mtu anapoingia kwenye akaunti. Na alichokuwa akiamsha ni powershell, programu ya Windows ya kutekeleza amri, iende kusoma faili dogo ndani ya folda ya ProgramData. Nililifungua faili lile kwa programu ya kuandikia maandishi. Sehemu kubwa ilikuwa imevurugwa makusudi isisomeke, lakini mstari mmoja ulikuwa wazi kama mchana: njia ile ile ya rejista niliyoifuta jana, na zile herufi 32.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mvua inanguruma, kijana anazima. Mvua inapita, anawasha, anaingia, kazi inaamka, inaandika sera upya, Chrome inatii na kukivuta kiendelezi kutoka mtandaoni, kiendelezi kinachukua ukurasa na utafutaji. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa wa mwisho kwenye mnyororo mrefu, na kila mmoja wetu alikuwa akiuanza mnyororo huo kwa kuvuta pete ya mwisho. Ni kama kukinga maji kwa sufuria sebuleni ilhali bati ndilo lililotoboka.

Niliondoa intaneti kwanza. Nikafuta kazi, nikafuta faili, nikaondoa programu zote mbili, nikafuta sera, nikahakikisha kiendelezi kimetoka, nikasafisha ikoni ya kwenye uso wa skrini na ile iliyobandikwa kwenye upau wa chini, maana nayo ilikuwa na mkia. Ndipo, mwisho kabisa, nikagusa ukurasa wa mwanzo. Nikazima mashine, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Kijana akaomba achomoe waya kabisa "kama vile imenyesha", nikamruhusu.

Kabla sijaja alikuwa amekwisha jaribu kuondoa Chrome na kuiweka upya mara mbili, na watu wengi hukimbilia hapo, kwa hiyo niseme kwa nini haikufaa. Ukiondoa Chrome bila kutia alama ya kufuta pia data zako, folda ya wasifu wako hubaki na viendelezi vyake. Ukiiweka tena, inakaribishwa na nguo zake za zamani. Na hata ukifuta folda, sera haikai humo. Iko kwenye Windows. Rafiki yake mmoja alikuwa ameshauri Windows yote iwekwe upya kwa shilingi 1,500. Si ushauri wa kijinga, ungefanya kazi. Lakini tarehe 26 Juni mashine ilale siku nzima? Na baada ya hapo mwanafunzi mwingine aje na PDF yake, kijana abofye endelea, endelea, endelea?

Sasa kuna jambo nililolikuta nikitafuta jingine, na kwangu lilinitia baridi kuliko ukurasa wa mlima. Nikiwa kwenye mipangilio ya Chrome nilifungua orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa. Nilitegemea kuyakuta ya duka, mawili matatu. Nilisukuma gurudumu la kipanya na orodha haikuisha. iTax za watu, barua pepe za watu, akaunti za eCitizen za huduma za serikali, za HELB za mikopo ya wanafunzi. Kila mara Chrome ilipouliza kama ihifadhi nenosiri, mteja mwenye haraka alibofya ndiyo ili kisanduku kimwondokee machoni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Mama Saiba bila kujua alikuwa amekaa juu ya ghala la siri za nusu ya Lurambi. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofunguka kiko kwenye mashine hiyo hiyo. Sitasema kiliiba, faili lililovurugwa halikuniambia. Tulifuta yote, mashine zote nane, na mama akaweka karatasi mlangoni kuwaomba wateja wa zamani wabadilishe manenosiri yao. Baadhi ya wenye saiba wangeogopa kuiweka karatasi hiyo. Yeye aliibandika kwa gundi.

Lililobaki lilikuwa kuufunga mlango. Wazo langu la kwanza lilikuwa kutumia silaha ile ile ya mwizi: niandike sera yangu mwenyewe, ukurasa wa mwanzo uwe huu, asiubadilishe mtu. Nikaiandika kwenye rejista, nikafungua chrome://policy, na Chrome ikaniambia sera imezuiwa, haitafuatwa. Nilikuwa nimesahau. Kwenye Windows, sera za ukurasa wa mwanzo, za kuwashia na za mtambo wa kutafuta hufuatwa tu kama mashine inasimamiwa kweli, kwa mfano imeunganishwa na mtandao wa usimamizi wa kampuni. Google waliweka kizuizi hicho kwa sababu ya watu wa aina ya huyu wa mlima. Kiendelezi cha kulazimishwa kutoka kwenye duka lao la viendelezi ndicho kilichobaki kinapita, ndiyo maana alipitia hapo na si kwingine.

Basi nikageukia Firefox, ambayo haina masharti hayo. Ndani ya folda ilikowekwa Firefox unaunda folda iitwayo distribution, na ndani yake faili liitwalo policies.json. Langu lilikuwa hivi:

{
  "policies": {
    "Homepage": {
      "URL": "file:///C:/saiba/mwanzo.html",
      "Locked": true,
      "StartPage": "homepage"
    },
    "OfferToSaveLogins": false,
    "SanitizeOnShutdown": true
  }
}

Yaani: ukurasa wa mwanzo ni huu na umefungwa kwa kufuli, usimwulize mteja kuhusu kuhifadhi nenosiri, na kivinjari kikifungwa, futa historia na vidakuzi vyote. Ukiandika about:policies utaona kama Firefox imeikubali. Wateja wakawekewa akaunti ya kawaida ya Windows isiyo na haki za msimamizi, na nenosiri la msimamizi likabaki kichwani kwa mama. Kijana alinuna kidogo.

Mtaona anwani ya ukurasa huo si ya mtandaoni. Ni faili lililo ndani ya mashine yenyewe, mistari isiyozidi arobaini ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za intaneti, tuliloliandika pamoja na kijana jioni ile benchi lilipopungua. Mandhari meupe, vitufe vikubwa vya rangi, maandishi ya Kiswahili: Ritani za KRA, eCitizen, Mikopo ya HELB, Nafasi za vyuo KUCCPS, Walimu TSC, Barua pepe. Kila kitufe kimebeba anwani halisi tuliyoikagua herufi kwa herufi. Mwanzoni nilitaka tuwafundishe wateja kwamba tovuti ya serikali huishia na .go.ke, yatosha. Kijana ndiye aliyenikatiza: HELB ni helb.co.ke, na KUCCPS ni kuccps.net. Kanuni yangu ingewafukuza watu kwenye tovuti za kweli. Kitufe hakihitaji kanuni, na hufunguka hata router ikiwa imezimwa kwa sababu ya radi, ingawa ukikibofya wakati huo hakikupeleki popote.

Mama alitaka simu yake pia iwe na ukurasa ule. Kwenye Chrome ya Android kuna sehemu ya ukurasa wa mwanzo ndani ya mipangilio, unaweka anwani unayotaka na kitufe cha nyumba kinatokea juu. Lakini faili la kwenye kompyuta halipo kwenye simu, kwa hiyo tuliweka eCitizen na akaridhika.

Sikudai malipo ya siku ya pili. Mama alinifungia mahindi ya kuchemsha na tukaishia hapo.

Tarehe 29 Juni nilipita pale nikielekea mjini. Mvua ilikuwa imetoka kupita, mitaro bado inatiririka, kijana anarudisha waya ukutani mmoja mmoja. Namba 4 iliwaka, vitufe vya rangi vikatokea. Aliyekaa mbele yake alikuwa dada yule wa uuguzi, na alikuwa na PDF nyingine.

Kijana alinitazama, mkono uko juu ya kipanya, hajui aende wapi. Nikamwambia afungue Word iliyoko pale pale kwenye mashine, aende kwenye kufungua faili, achague hiyo PDF. Word iliuliza kama iligeuze ili liharirike, akakubali, na baada ya sekunde kadhaa kazi ya kikundi ikawa mbele yao, jedwali moja tu limepinda kidogo. Word imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 2013. Ya saiba ile ni ya 2016.

"Kwa hiyo siku ile hatukuhitaji kupakua kitu?" kijana akauliza.

Dada alikuwa amekwisha anza kulinyoosha jedwali.